Dalili ya Mvua ni Mawingu: Uhakiki wa Lugha ya Uwezekano Wenye Masharti

UTANGULIZI

Methali isemayo "Dalili ya mvua ni mawingu" hufundishwa shuleni kama methali ya tahadhari: aonaye ishara na ajiandae. Ni nadra kusomwa kama kauli ya hesabu, ingawa hesabu imo ndani yake. Methali inaarifu kwamba mvua inyeshapo, mawingu huwa yametangulia. Haiarifu kwamba mawingu yatandapo, mvua haina budi kunyesha. Mvuvi wa Mbita au wa kisiwa cha Mfangano, ambaye hutazama mawingu yakijikusanya juu ya Ziwa Viktoria na pengine kutawanyika bila kudondosha tone, hana haja ya kuambiwa kwamba kauli hizo si moja. Hata hivyo katika mazungumzo ya kila siku msikilizaji huvuka kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili bila kuhisi kwamba amevuka mpaka wowote.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza mpaka huo. Swala lenyewe ni jinsi Kiswahili kinavyotumiwa kueleza, katika masomo ya mwanzo ya takwimu, kadiri ya uwezekano wa jambo moja pale ambapo jambo jingine limekwisha kujulikana. Mifano imechukuliwa kutoka kaunti za Homa Bay na Migori nchini Kenya, kwa kuwa huko swala hili limetoka darasani zamani. Kauli moja iliyogeuzwa kichwa chini huweza kumfanya mtu mzima ajihesabu kuwa mgonjwa, au kuipaka doa jamii nzima. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili hakipungukiwi na nyenzo za kuieleza dhana hii. Kilichopunguka ni uangalifu katika kuzichagua: istilahi imetafutwa kabla ya sentensi.

ISTILAHI NA MZIGO WAKE

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa Tanzania mwaka 1967, kazi kubwa imefanywa ya kuzipatia taaluma mbalimbali istilahi zake. Kazi hiyo haiwezi kubezwa. Lakini nchini Kenya, ambako hisabati ya sekondari na ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kiingereza, maelezo ya Kiswahili juu ya takwimu hutungwa papo hapo: na mhadhiri anayemsaidia mwanafunzi baada ya kipindi, na muuguzi aliye mbele ya mteja, na mwandishi wa habari anayekimbizana na saa. Watu hao hawana nafasi ya kufungua orodha za istilahi. Hutafsiri kwa namna iliyo karibu na ulimi.

Tafsiri mojawapo inayojitokeza kwa urahisi ni "uwezekano wa A ukipewa B". Ubaya wake haumo katika ugeni tu, bali katika sarufi pia. Kiambishi u- katika "ukipewa" huweza kurejelea nomino "uwezekano", na huweza vilevile kuwa nafsi ya pili umoja. Kwa usomaji wa kwanza, uwezekano ndio unaopewa B. Kwa usomaji wa pili, msomaji ndiye apewaye. Kwa vyovyote vile msikilizaji Mswahili hubaki akimtafuta mpaji, kwa sababu kitenzi "kupa" katika lugha yake hudai mtu wa kupa na mtu wa kupewa. Katika hesabu hayupo.

Istilahi ya pili, "uwezekano wenye masharti", ina sura ya Kiswahili zaidi, na ndiyo iliyotumiwa katika anwani ya makala haya. Hata hivyo neno "sharti" limekuja na mzigo wake. Katika matumizi ya kawaida, sharti ni wajibu au kipengele cha mapatano. Mkopo wenye masharti ni mkopo usiotolewa mpaka mambo fulani yatimizwe kwanza. Basi mwanafunzi asikiapo kwamba kutokea kwa A kuna sharti B, hudhani mambo mawili: kwamba B hutangulia A kwa wakati, na kwamba B ndiyo inayoiruhusu A itokee.

Dhana zote mbili ni potofu. Mtu huambukizwa virusi vya UKIMWI kwanza, kisha hupimwa. Takwimu hata hivyo huuliza: ni upi uwezekano kwamba mtu huyu ana virusi, sharti likiwa ni majibu ya kipimo? Majibu hayo yamekuja nyuma ya maambukizo wala hayakuyasababisha. Kinachoitwa sharti hapa ni habari iliyomfikia mwenye kukadiria, si jambo lililotimizwa ulimwenguni ili jambo jingine liruhusiwe. Neno limebeba maana ya mkataba mahali palipotakiwa maana ya maarifa.

KIAMBISHI -KI- NA NDUGUZE

Inaweza kudaiwa kwamba istilahi si kitu, mradi sentensi inaeleweka. Basi sentensi na ichunguzwe. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1944, alionyesha jinsi kiambishi -ki- kinavyobeba kazi zaidi ya moja: kazi ya sharti pamoja na kazi ya kueleza tendo linaloendelea sambamba na jingine. Kiambishi hicho ndicho hutangulia kuja mdomoni uwezekano unapoelezwa. Zichukuliwe sentensi hizi mbili:

Mtu akiwa na virusi, kipimo huonyesha.
Kipimo kikionyesha, mtu huwa na virusi.

Kwa sauti na kwa muundo sentensi hizi zinafanana. Kila moja ina kishazi cha -ki- na kishazi kikuu chenye hu- ya mazoea. Kiambishi hu- husema kwamba jambo ni la kawaida, lakini hakisemi ni la kawaida kiasi gani: mara tisa katika kumi, au mara sita? Kwa kuwa kipimo cha wingi kimekosekana, msikilizaji hana ishara ya kumwonya kwamba sentensi ya kwanza huweza kuwa kweli karibu daima, na ya pili ikawa kweli mara chache.

Itakuwa kosa kukilaumu Kiswahili peke yake kwa jambo hili. Katika Dholuo, lugha ya wakazi wengi wa Homa Bay na Migori, neno "ka" hutumika pale ambapo Kiswahili husema "kama", "ikiwa" na hata "wakati", na mtego ni uleule. Wala Waingereza hawakusalimika. Insha ya Thomas Bayes, iliyoanzisha hesabu ya kurudi kutoka kwenye ishara kwenda kwenye chanzo, ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake, na hadi leo kosa la kugeuza masharti halijakoma katika lugha yoyote inayofundishiwa takwimu.

Hata hivyo Kiswahili kina nyenzo ambazo hazijatumiwa vya kutosha. Ya kwanza ni tofauti baina ya -nge- na -me-. Mtengenezaji wa kipimo hukijaribu kwa damu ambayo hali yake imekwisha kujulikana. Kauli yake kwa Kiswahili fasaha ni hii: "Mtu angekuwa na virusi, kipimo kingeonyesha." Hiyo ni kauli ya kudhania. Muuguzi wa zahanati hayumo katika dhana, kwake jambo limekwisha kutukia: "Kipimo kimeonyesha." Swali la mteja huanzia kwenye -me- hiyo wala si kwenye -nge- ya kiwandani. Mwalimu akizitenga njeo hizi mbili, mwanafunzi atasikia kwa sikio lake kwamba maswali ni mawili kabla hajaandika tarakimu hata moja.

Nyenzo ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni maneno mepesi "miongoni mwa". Vitabu vya hisabati vya Tanzania huita namba ya juu ya sehemu "kiasi" na namba ya chini "asili". Nomino inayofuata "miongoni mwa" ndiyo asili ya sehemu. Asemaye "miongoni mwa wenye virusi, ni wangapi walioonyeshwa na kipimo?" ametaja asili moja. Asemaye "miongoni mwa walioonyeshwa na kipimo, ni wangapi wenye virusi?" ametaja asili nyingine. Kiasi katika maswali yote mawili ni watu walewale, yaani wenye virusi ambao kipimo kimewaonyesha. Kilichobadilika ni kundi walimotolewa. Hiyo ndiyo maana kamili ya dhana inayojadiliwa, na imeelezwa bila mkopo wala sharti.

HESABU YENYEWE

Ubora wa nyenzo hii hujulikana kwa kuitumia. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba asilimia 4.9 ya Wakenya wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Homa Bay ilikuwa na kiwango cha juu kuliko kaunti zote, asilimia 19.6. Migori ilikuwa karibu na asilimia 13. Kwa upande wa vipimo vya haraka, Shirika la Afya Duniani hudai kwamba kipimo kionyeshe angalau watu 99 katika kila 100 wenye virusi, na kiwaache angalau watu 98 katika kila 100 wasio navyo. Kwa ajili ya mfano, na ichukuliwe kwamba kipimo kimefikia viwango hivyo barabara bila kuvipita, na kwamba mtu hupimwa mara moja tu.

Wachukuliwe watu wazima 1,000 wa Homa Bay kama walivyokuwa mwaka 2018. Wenye virusi ni 196, na kipimo kitawaonyesha 194. Wasio na virusi ni 804, na kipimo kitawasingizia wawili katika kila mia, yaani 16. Jumla ya walioonyeshwa ni 210. Miongoni mwa wenye virusi, walioonyeshwa ni 194 kati ya 196, sawa na asilimia 99. Miongoni mwa walioonyeshwa, wenye virusi ni 194 kati ya 210, sawa na asilimia 92. Huko Migori, kwa hesabu hiyohiyo, wataonyeshwa watu 146, na wenye virusi kweli miongoni mwao watakuwa 129, sawa na asilimia 88.

Kufikia hapo pengo laweza kuonekana dogo. Lakini watu wanaokuja kupimwa si watu wote. Utafiti huohuo ulipata kwamba kwa Kenya nzima karibu watu wanane katika kila kumi wenye virusi walikuwa wamekwisha kuijua hali yao. Hao hawana sababu ya kurudi kupimwa. Kiwango hicho kikitumiwa kwa watu 1,000 wa Homa Bay, watabaki 39 wenye virusi wasiojijua, pamoja na wale 804 wasio navyo. Wote wakipimwa, kipimo kitawaonyesha wale 39 na kuwasingizia walewale 16. Miongoni mwa walioonyeshwa 55, wenye virusi kweli watakuwa 39, yaani asilimia 71. Na mahali ambapo watu watano tu katika 1,000 wana virusi, kipimo kilekile kitawaonyesha hao watano na kuwasingizia 20. Hapo, miongoni mwa walioonyeshwa 25, wenye virusi watakuwa asilimia 20 tu.

Kipimo hakikubadilika. Sentensi ya muuguzi, "kipimo kimeonyesha", haikubadilika. Kilichobadilika ni asili ya sehemu. Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi hawezi kuliona akiwa na sentensi ya -ki- peke yake: kadiri kampeni ya upimaji na matibabu inavyofanikiwa, ndivyo majibu ya kipimo kimoja yanavyopungukiwa na uzito, kwa kuwa wenye virusi wasiojijua wanazidi kuwa wachache. Ndiyo sababu ya mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 kwamba nchi zielekee kwenye utaratibu wa vipimo vitatu vinavyofuatana na kukubaliana kabla mtu hajaambiwa kwamba ana virusi. Katika mfano wa mwisho hapo juu, wale 20 waliosingiziwa wakipimwa kwa kipimo kingine chenye ubora uleule, atakayesingiziwa tena hatafika hata mmoja kwa wastani. Hilo hutimia endapo makosa ya kipimo cha pili hayafungamani na ya kipimo cha kwanza. Kipimo kilekile kikirudiwa kwa damu ileile chaweza kurudia kosa lilelile, kama shahidi anayeulizwa mara mbili.

DOA LA KAUNTI

Kosa la kugeuza masharti halikomi kwenye mlango wa zahanati. Asilimia 19.6 ni jibu la swali "miongoni mwa watu wazima wa Homa Bay, ni wangapi wenye virusi?" Ikishatoka katika ripoti na kuingia katika maongezi ya matatu, hugeuka kuwa jibu la swali jingine: "wenye virusi ni watu wa wapi?" Kutoka hapo ni hatua fupi kuihamisha namba kutoka kaunti kwenda kabila, ingawa Homa Bay ina Wajaluo na Wasuba, na Migori ina Wakuria na wengine wengi hadi mpakani Isebania. Utafiti ulipima wakazi. Maongezi hupima nasaba.

Swali hilo la pili lina jibu lake, na linaweza kukadiriwa. Kwa sensa ya mwaka 2019 Kenya ilikuwa na watu 47,564,296. Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950, na Migori 1,116,436. Ikichukuliwa kwamba uwiano wa watu wazima haukutofautiana sana kati ya kaunti hizi na nchi nzima, basi katika kila Wakenya wazima 10,000, wapatao 238 ni wa Homa Bay na 235 ni wa Migori. Wenye virusi katika hao 10,000 ni 490. Kati yao wa Homa Bay ni 47 na wa Migori ni 31, jumla 78. Hivyo, miongoni mwa Wakenya wenye virusi, wa kaunti hizi mbili ni kama 16 katika kila 100; wale 84 waliobaki wanaishi kwingineko. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kuonyesha kwamba Mkenya anayeutazama ugonjwa huu kama jambo la kando ya ziwa amesoma asili isiyo yake. Kaunti hizi zimebeba mzigo uliozidi idadi ya watu wake zaidi ya mara tatu, na hilo halipaswi kufichwa. Kubeba mzigo mkubwa, hata hivyo, si kuwa wabebaji pekee.

PINGAMIZI MOJA

Huenda ikasemwa kwamba haya yote ni mambo ya hisabati, na kwamba jarida la lugha lingeyaacha kwa wenyewe. Pingamizi hilo halisimami. Hesabu iliyofanywa hapo juu haikuhitaji zaidi ya kujumlisha, kuzidisha na kugawanya, kazi ambazo mtoto wa shule ya msingi anaziweza. Mahali pa kukosea palikuwa pamoja tu, nako ni kuchagua kundi la kugawia. Na kundi hilo huchaguliwa kwa maneno kabla ya kuchaguliwa kwa tarakimu. Mwanafunzi aliyekosea hapo hakushindwa kuhesabu. Alishindwa kusikia sentensi.

Lipo pingamizi jingine lenye uzito zaidi: kwamba "miongoni mwa" ni maneno marefu, na kwamba taaluma huhitaji jina fupi la kuandikwa juu ya jedwali na katika faharasa. Hili ni la haki. "Uwezekano wenye masharti" na liendelee kuwa jina, kwa sharti kwamba lisigeuzwe kuwa maelezo. Jina huja mwisho, baada ya mwanafunzi kulijua kundi lake.

HITIMISHO

Kutokana na uchunguzi huu, mpangilio wa kufundisha unaofaa ni rahisi kuutaja. Kwanza kundi litajwe kwa "miongoni mwa", na mwanafunzi alazimishwe kuitaja asili ya kila sehemu kabla ya kugawanya. Pili, dhana ya mtengenezaji itengwe na tukio la zahanati kwa -nge- na -me-. Tatu, kiambishi -ki- kiachwe kwa mazungumzo, au kitumiwe pamoja na idadi. Nne, istilahi itolewe.

Mpangilio huo una faida hata nje ya chuo. Muuguzi anayemwambia mteja, "Mama, kipimo kimeonyesha, basi una virusi," amesema zaidi ya anavyojua. Anayemwambia, "Mama, miongoni mwa watu ambao kipimo cha kwanza kimewaonyesha, wengi wana virusi lakini si wote, basi jibu halijatoka mpaka vipimo vinavyofuata vikubaliane," amesema anachokijua, na amekisema kwa Kiswahili ambacho mama huyo hahitaji kufasiriwa. Nayo methali itabaki kuwa kweli kama ilivyokuwa. Mwalimu ataongeza swali moja tu baada ya kuitaja: miongoni mwa siku za mawingu mwaka huu, ni ngapi zilizonyesha?